Wati Zimepotelea Wapi? Transista ya Redio Inaposhindwa Kufikisha Nguvu Yake

Nahodha mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliniletea redio yake ya VHF mwezi wa Machi, ameizungushia kikoi isiingie maji. "Fundi, hii imeisha nguvu. Zamani nikiwa mbele ya Tiwi wananisikia bandarini, sasa hata hapo Shelly ni shida. Nitilie transista mpya, tena kubwa zaidi." Niliiweka mezani, nikaipa volti 13.8, nikafunga mzigo bandia wa omu 50 mahali pa antena, nikabonyeza. Sindano ya mita ikapanda hadi wati 25 na kutulia hapo. Transista yake ilikuwa nzima kabisa.

Kesi kama hii napata kila mara, na inaniuma, kwa sababu mtu huweza kutumia pesa za mwezi mzima wa uvuvi kununua spea asiyoihitaji. Namba ya wati unayoisoma kwenye karatasi ya vipimo vya transista ni ahadi yenye masharti: kitako chake (chuma cha chini kinachopitisha joto) kisipite joto fulani, ipewe volti zake, ifanye kazi kwenye masafa (frikwensi) yake, na mbele yake kuwe na mzigo unaofaa. Sharti moja likivunjika, nguvu inashuka au transista inaungua. Kazi ya fundi ni kujua ni sharti lipi limevunjika kabla hajagusa lehemu.

Kwa hiyo pima vitu vitatu kwa wakati mmoja, redio ikiwa inarusha: volti kwenye vituo vya redio yenyewe, ampea inazovuta, na wati zinazotoka kwenda kwenye mzigo bandia. Redio ya nahodha huyu ilivuta ampea 5.5 kwa volti 13.8. Hizo ni wati 76 zinazoingia. Zikitoka 25, basi 51 zimebaki ndani kama joto. Ukizoea hesabu hiyo, nusu ya matatizo hapa chini utayatambua kabla hujafungua kifuniko.

"Mezani ni 25, kwenye boti ni 15"

Nilikwenda naye hadi botini. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.4. Akabonyeza kipaza sauti, betri ikashuka hadi 12.1, jambo la kawaida. Lakini nyuma ya redio nilisoma 10.6. Volti moja na nusu ilikuwa inapotea njiani.

Niliifuata waya kwa vidole. Kwenye kishikio cha fyuzi, nyuma ya kiti, palikuwa pa moto hadi nikaondoa mkono. Nilipokifungua, ndani mlikuwa na unga wa kijani, ule wa shaba iliyoliwa na chumvi, na waya uliobaki mzima ulikuwa nyuzi tatu au nne tu. Volti 1.5 kwa ampea 5 ni wati 7.5, karibu nusu ya joto la kile kichomeo kidogo cha lehemu, na lilikuwa linawaka ndani ya plastiki karibu na mafuta.

Mbona volti mbili tatu zinaumiza hivyo? Transista ya kurushia hufanya kazi kwa kuvuta dreni yake, yaani mguu wa kutolea (au kolekta, kama ni ya aina ya zamani), hadi karibu na sifuri, kisha koili inairusha juu hadi karibu mara mbili ya volti ya umeme. Nguvu inayoweza kutoka ni volti hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikigawanywa kwa mara mbili ya mzigo ambao transista inauona. Volti imezidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana kupungua kidogo kunakula sana. Kutoka 13.8 kwenda 10.6 unabaki na asilimia 59 tu, yaani wati 15 badala ya 25. Redio nyingi zina saketi ndani inayojaribu kushikilia 25, nayo hufaulu kwa muda, lakini volti zikishuka mno haina tena pa kuchota.

Tulibadilisha kishikio, tukaweka waya wa milimita 4 za mraba badala ya 1.5, tukapaka grisi kwenye vituo. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya transista mpya.

Hesabu hiyo hiyo inajibu ombi lake la "transista kubwa zaidi". Kwa volti 12.5 na wati 25, transista inapaswa kuona mzigo wa omu 3 hivi. Ukitaka wati 50 kwa volti hizo hizo, mzigo ushuke hadi omu moja na nusu na ampea ziwe mara mbili, na hapo kila milimita ya mguu wa transista na kila kipande cha shaba cha ubao kinaanza kula nguvu. Hii ndiyo sababu mitambo mikubwa haitumii volti 12. Transista ya MRF150 inatoa wati 150 kwa volti 50. BLF188XR inatoa 1400 kwa volti 50, na MRFX1K80H inafika 1800 kwa volti 65. Kwenye boti, wati 25 ndicho kikomo cha redio ya VHF ya baharini kimataifa, na kuongeza amplifaya hakuruhusiwi. Hata ingekuwa halali, kutoka 25 hadi 50 ni desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), na huko baharini hutasikia tofauti kubwa kama ile ya kuinua antena mita mbili juu ya mlingoti.

"Inaanza vizuri, kisha inashuka"

Hapa Pwani huu ndio ugonjwa wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Chukua mtambo mdogo wa FM. Asubuhi unawashwa, mita inasoma wati 300. Saa sita mchana inasoma 240. Jioni, upepo ukivuma, inarudi 280. Mwenye mtambo anasema transista zimechoka. Transista haichoki hivyo. Ikichoka haipumziki jioni ikarudi. Kinachopanda na kushuka na jua ni joto.

Tazama njia ya joto kwa namba za MRF150, maana karatasi yake imeeleza wazi. Ndani kuna kipande cha silikoni ambacho hakitakiwi kupita digrii 200. Kutoka silikoni hadi kitako cha chuma, kila wati ya joto inaongeza digrii 0.6. Ikitoa wati 150 na kupoteza nyingine 150 kama joto, silikoni itakuwa digrii 90 juu ya kitako. Kati ya kitako na hitisinki (chuma chenye mapezi kinachotoa joto hewani), hata pesti ya kupitisha joto ikiwa nzuri, ongeza digrii 15 hivi. Hitisinki yenyewe ikiwa 75, kitako ni 90 na silikoni ni 180. Umebakiwa na digrii 20 tu kabla ya kikomo.

Sasa weka mtambo huo huo kwenye chumba cha digrii 15 huko nchi za baridi, kisha ulete Mombasa kipindi cha kaskazi, chumba kikiwa 34. Zile digrii 19 za tofauti hazipungui popote njiani. Zinapanda moja kwa moja: hitisinki, kitako, silikoni, kila kimoja kinazibeba zote. Vumbi kidogo kwenye mapezi ya hitisinki na umeshavuka.

Karatasi hiyo hiyo ina namba nyingine inayowapoteza wengi, nami nilipotea nayo nilipoanza. Imeandikwa wati 300. Vijana huisoma na kusema "hii ni transista ya wati 300". Sivyo. Hizo 300 ni joto ambalo kitako kinaweza kupitisha, tena kitako kikiwa digrii 25, hali ambayo hutaipata Mombasa labda uiloweke kwenye barafu. Kikiwa digrii 90, kikomo hicho kimeshuka hadi kama 188. Wati zinazotoka kwenye antena zimeandikwa sehemu nyingine, pamoja na volti na masafa yake. IRF510, ambayo wapenzi wa redio huipenda kwa bei yake, imeandikwa wati 43 za joto kwa masharti hayo hayo, na digrii 3.5 kwa kila wati hadi kitako. Ikipoteza wati 20 ndani yake, silikoni ni digrii 70 juu ya kitako. Kisha kitako chake kimeungana na dreni, kwa hiyo unalazimika kuweka karatasi ya mika chini yake, na mika nayo inaongeza ukinzani wa joto.

Basi utatafuta wapi? Anza na feni. Izungushe kwa kidole mtambo ukiwa umezimwa. Ikikwaruza, chumvi imeshaingia kwenye beringi. Kisha tazama mapezi ya hitisinki kwa tochi kutoka upande wa pili: kama mwanga haupiti, hewa haipiti pia. Hewa yetu yenye chumvi huligeuza vumbi kuwa utando unaonata, na kupuliza peke yake hakuutoi. Tumia burashi.

Feni na mapezi yakiwa safi na bado inashuka, fungua transista kwenye kitako chake. Futa pesti ya zamani. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo juu ya hitisinki pale transista ilipokaa, shika tochi nyuma yake. Ukiona mstari wa mwanga katikati, uso umepinda, na transista ilikuwa imekalia kingo mbili tu. Niliwahi kukuta punje moja ya lehemu, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, imenaswa chini ya kitako. Ilikuwa imeua transista mbili kabla mtambo haujafika kwangu. Pesti mpya paka nyembamba, chuma kionekane kupitia humo. Pesti nene ni blanketi. Skrubu kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, usikaze moja hadi mwisho kwanza.

Kuna dalili ya usiku ambayo nimekutana nayo kwenye vyumba vya mitambo: stima inapotea, jenereta inawaka, mtambo unaendelea kurusha, lakini kiyoyozi hakikuunganishwa na jenereta. Baada ya nusu saa nguvu inaanza kushuka, na mlinzi hana habari. Ukiambiwa "inasumbua usiku tu", uliza kwanza nyaya za jenereta zinalisha nini. Na kiyoyozi nacho kisielekezwe moja kwa moja kwenye kabati. Chuma kikipoa sana, mtu akifungua mlango kipindi cha masika, unyevu wa nje unageuka matone juu yake, na matone kwenye volti za juu za redio huwasha cheche.

Jambo la mwisho la joto: kazi yenyewe. Amplifaya ya wati 100 kwa sauti ya SSB (aina ya urushaji ambayo nguvu hutoka mtu anapoongea tu) inapumzika kila mtu anapovuta pumzi. Ukiitumia kwa FM au kwa data, inarusha wati zake zote bila kupumua. Punguza hadi nusu. Haijaharibika, umeibadilishia kazi.

"Nabadilisha, inaungua. Nabadilisha tena, inaungua"

Ukifika transista ya pili, acha. Usiweke ya tatu. Maiti huzungumza, uisikilize kwa mita ya kawaida.

Kwenye mosfeti (transista yenye miguu ya geti, dreni na sosi), pima kati ya geti, mguu wa kuingilia, na sosi. Hapo hapatakiwi kupita umeme. Kama pamefungana, mara nyingi imeuawa na nguvu kubwa mno ya kuingilia au umeme tuli wa mikono. Kama geti ni zima lakini dreni na sosi zimefungana, fikiria volti zilizopita kiasi au joto. Kama kauri imepasuka na kuna masizi, ampea zilipita bila kizuizi, na ni lazima ujue kwa nini fyuzi haikukata.

Volti zilizopita kiasi hutoka wapi, na usambazaji wa umeme unasoma 50 sawasawa? Kutoka antena. Nimeshasema dreni hupanda hadi karibu mara mbili: kwa volti 50 ni kama 100. MRF150 inavunjika kwa 125. Kuna nafasi ya volti 25 tu. Antena ikiwa mbovu, sehemu ya nguvu inarudi, na kutegemea urefu wa kebo inaweza kukutana na ile inayotoka kwa namna ya kuongeza volti au kuongeza ampea. SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena: ya 1.5 inarudisha asilimia 4, ya 2 inarudisha 11, ya 3 inarudisha 25. Transista mpya za LDMOS (aina ya mosfeti ya kurushia) zimetengenezwa zistahimili: MRFE6VP61K25H imejaribiwa kwa SWR zaidi ya 65, lakini kwa mipigo mifupi. Ukiiacha ikirusha mfululizo kwenye antena iliyokatika, joto litafanya kile ambacho volti hazikufanya.

Ndiyo maana mtambo mzuri hupunguza nguvu wenyewe SWR ikipanda. Mteja analalamika "inashuka hadi 100 mvua ikinyesha". Ile ni kinga inafanya kazi yake. Nimeletewa mitambo ambayo mtu amekata waya wa kinga ili mita irudi juu, na mwezi huo huo mtambo ukaungua wote. Tafadhali, usiikate. Panda mnarani.

Na usiridhike na SWR inayosomwa chini. Hili ni muhimu mno kwetu. Kebo nyembamba kama RG-58, kwa masafa ya baharini, inapoteza desibeli 2 hivi kwa kila mita 10, zaidi ya theluthi moja ya nguvu. Nguvu inayorudi nayo inapoteza nyingine 2 ikishuka. Kwa hiyo antena yenye SWR ya 3 kule juu, mita ya chini itakwambia 1.9, nawe utasema "si mbaya". Kebo ikilowa ndani, uongo unazidi. Kata sentimita tano karibu na konekta ya juu, uichune. Wavu wa shaba uwe unang'aa kama senti mpya. Ukiwa mweusi kama masizi ya sufuria, maji yameshapanda ndani kwa mita nyingi, na kukata kipande hakusaidii. Badilisha kebo yote, kisha funga konekta kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, si selotepu.

Kuhusu nguvu ya kuingilia: LDMOS zina nguvu nyingi za kukuza, na watu hawaamini. BLF188XR kwenye masafa ya FM inakuza desibeli 24 hivi, mara 250. Kufikisha 1400 inahitaji wati 5 au 6 tu. Nimeletewa iliyolishwa na kirushio cha wati 30. Geti yake haitakiwi kupita volti 11. Ilikufa mara ile ile ilipowashwa. Weka kipunguzi katikati, na ukihesabu, hesabu kwa nguvu ya juu kabisa ya kirushio, si ile uliyoiseti leo.

Kabla hujaendelea, neno la usalama. Transista nyingi za zamani zenye kauri nyeupe zina berili oksidi ndani. Ikiwa nzima haina shida. Vumbi lake likivutwa puani linaharibu mapafu, na ugonjwa wake hauponi. Usiivunje, usiipige tupa, usiiponde ili umwonyeshe kijana kilicho ndani. Iliyopasuka ifunge kwenye mfuko uliokazwa na iwe mbali na watoto.

"Imeshuka ghafla hadi robo"

Nguvu ilikuwa wati 1000, sasa ni 250, na SWR iko sawa. Usitafute mbali. Mitambo mingi huunganisha amplifaya mbili kwa kiunganishi. Moja ikifa, ile nzima inatoa 500 zake, lakini kiunganishi kinazigawa: nusu inaenda antena, nusu inaishia kwenye rizista ya mizani. Unabaki na robo. Gusa hitisinki ya rizista hiyo (mtambo ukiwa umezimwa): kama ni ya moto kuliko siku zote, umepata jibu.

Zikiwa nne na moja imekufa, inabaki sehemu 9 kati ya 16. Mtambo wa 1200 utasoma 675. Zima na utengeneze mapema. Rizista ya mizani mara nyingi haikuwekwa kwa kubeba mzigo huo siku nyingi.

"Transista mpya kabisa, lakini haifiki"

Imewekwa vizuri, volti sawa, antena sawa, na bado inatoa 40 badala ya 100. Kwanza fikiria kama ni ya kweli. 2SC2879, ya wati 100 kwa megahezi 28, haitengenezwi tena, na sokoni zimejaa za bandia zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Linganisha na ya zamani iliyokufa: unene wa kitako, umbo la miguu, kina cha maandishi. Pitisha pamba yenye asetoni juu ya maandishi, yakifutika, jihadhari. Mwenye duka naye huenda ameuziwa vivyo hivyo, kwa hiyo zungumza naye kwa heshima, umpelekee na vipimo.

Pili, masafa. Transista hupoteza takriban desibeli 6 za kukuza kila masafa yanapokuwa mara mbili. Iliyotengenezwa kwa megahezi 30 ukiiweka 150, itageuza umeme wako kuwa joto. RD16HHF1 na RD15HVF1 zinafanana umbo, volti na karibu hata wati, lakini ya kwanza ni ya megahezi 30 na ya pili ya 175. Herufi moja na tarakimu moja tu ndizo zinazozitenganisha.

Tatu, hata ikiwa ya kweli, kampuni na toleo tofauti huwa na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) tofauti kidogo. Kapasita na koili za kutolea ziliwekwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Rekebisha trima (kapasita ndogo za kurekebishwa kwa bisibisi) polepole huku ukiangalia ampea na wati kwa pamoja. Wati zikipanda na ampea zikishuka, uko njiani. Zikipanda zote mbili, simama ufikiri. Na usisahau kugusa kapasita za kutolea baada ya kuzima: iliyo ya moto kuliko wenzake inakula wati zako.

"Inatoa nguvu hata nisipoongea"

Toa kiingilio chote. Kama mita bado inasoma, au ampea zinaruka ukisogeza mkono, amplifaya inajirusha yenyewe. Hiyo ni hatari, inaweza kuangukia kwenye masafa ya watu wengine, ya ndege ama ya waokoaji wa baharini. Angalia kapasita kubwa za umeme zilizokauka kwa joto, skrubu za ardhi zilizoshika kutu, na rizista ya geti iliyobadilika thamani. Mara nyingi ni skrubu.

Kama ampea za kusubiri zinapanda taratibu bila kuacha, ni bayasi, ile volti ndogo inayoiweka transista tayari kufanya kazi. Kwenye transista za kolekta na emita kuna diodi inayotakiwa kugusa hitisinki ili ijue joto. Mtu akiifungua na kusahau kuirudisha, transista itazidi kujivutia ampea kadiri inavyopata moto, mpaka iishe.

Kuwasha baada ya kutengeneza

Ukishaweka transista mpya, usiipe umeme wote mara moja. Funga mzigo bandia. Shusha volti hadi nusu kama usambazaji unaruhusu, na weka kikomo cha ampea chini. Geuza bayasi hadi sifuri, washa, kisha ipandishe taratibu hadi ampea za kusubiri zilizoandikwa. Ngoja dakika tano, uangalie kama zinatembea. Ndipo uingize nguvu kidogo, robo ya kawaida, na upime wati. Kwa nusu ya volti utarajie robo ya nguvu. Ikiwa hivyo, panda hadi volti kamili, rusha dakika kumi mfululizo, na upime joto la hitisinki karibu kabisa na kitako, wakati wa mchana, mlango ukiwa umefungwa kama utakavyofungwa siku zote.

Kisha chukua kalamu ya rangi isiyofutika na uandike ndani ya kifuniko: tarehe, volti, ampea, wati, joto la hitisinki, joto la chumba. Kwenye redio ya yule nahodha, baada ya tarehe, imeandikwa 13.6, 5.4, 25, 58, 33. Akija mwakani na malalamiko, tutaanza kulinganisha kutoka hapo.